Unameza na Nini?

Wiki iliyopita niliingia duka moja la dawa katikati ya jiji kununua vidonge vyangu vya vitamini, maana na mimi sasa nimefika umri wa kununua. Kijana aliyenihudumia alikuwa nadhifu, koti jeupe, kucha safi. Akachukua chupa, akaipitisha kwenye mashine, akanionyesha nambari ya kulipia kwa simu, akanitilia kwenye mfuko wa karatasi. "Ni hiyo tu, mum?" Nikasema ni hiyo tu, lakini sikuondoka. Nilisimama pale namtazama, na yeye ananitazama, mpaka mtu wa nyuma yangu akaanza kukohoa kile kikohozi cha foleni. Nilikuwa nasubiri swali. Halikuja.

Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikatafuta daftari. Haya nawaandikia nyinyi mnaoingia kaunta sasa, mnaojua majina ya dawa kuliko nilivyoyajua mimi, na mnaoulizwa kila siku vitamini gani ni nzuri na watu waliokwisha kujibiwa na simu zao. Msinichukulie kwamba nawagombeza. Kijana yule hakufanya kosa ambalo mimi sijalifanya, na langu lilikuwa kubwa zaidi.

Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, ila Nairobi wananijua kwa jina la binti yangu, Mama Salma. Nilisimama nyuma ya kaunta miaka ishirini na minane, katika duka la uchochoroni ambalo ukinyoosha mikono yote miwili unagusa rafu za pande zote. Mwenye duka alikuwa mfamasia, Daktari Nyokabi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Hakupenda maneno mengi. Siku yangu ya kwanza aliniambia mteja haondoki na vitamini kabla hajaulizwa maswali matatu: Ni ya nani? Anameza nini kingine? Na anameza na nini?

Mawili ya kwanza niliyaelewa. La tatu nililiona la kipuuzi. Mtu anameza dawa na nini kama si maji?

Swali la kwanza lilinipa heshima mapema. Alikuja mwanamume mmoja, fundi wa viatu, mwili mkubwa, akitaka vidonge vya kuongeza damu kwa sababu anachoka mpaka analala kazini. Ni vya nani? Vyangu. Daktari akatoka nyuma, akamwomba mkono wake, akaugeuza kiganja juu. Kilikuwa cheupe. Akamvuta na kope ya chini ya jicho, nako kweupe. Akamwambia, "Mwanaume mzima haishiwi damu bure. Hiyo yako inaenda mahali. Nenda hospitali leo, usipitie nyumbani." Yule bwana alinuna, maana alitaka kidonge akapewa safari. Akarudi baada ya mwezi kutuambia alikuwa na kidonda tumboni kinachovuja polepole. Tangu siku hiyo na mimi nikawa mtazamaji wa viganja. Mtu akininyooshea pesa, macho yangu yako kwenye kiganja. Salma alipoleta mchumba nyumbani, nilimshika mkono nikaugeuza kabla hata sijamkaribisha kitako.

Swali la pili lilinipeleka Muthangari, mtaa wa wenye nazo. Tulikuwa na mteja huko, Mama Tasha, mama mpole mwenye nyumba kubwa na nywele zinazokatika. Kila mwezi aliagiza vitamini za nywele, na kila mwezi nywele zilizidi kukatika, basi akawa anaongeza dozi. Siku moja Daktari akanituma nimpelekee mzigo mwenyewe, akaniambia, "Ukifika, mwambie akutolee kila chupa aliyonayo." Mama Tasha akaanza kutoa. Akatoa kabatini, akatoa kwenye friji, akatoa kwenye mkoba, ya mwisho akaitoa dirishani. Zilipotimia kumi na moja mezani nikavaa miwani nikaanza kusoma vibandiko vya nyuma, si vile vya mbele vyenye picha ya mwanamke anayecheka.

Vitamini A ilikuwa kwenye chupa tano. Ya nywele ilikuwa nayo, ya ngozi ilikuwa nayo, ya macho, ile ya kila siku, na mafuta ya ini la samaki. Kila moja peke yake haikuwa na neno. Zote pamoja, kila siku, kwa miezi, zilikuwa zinamdhuru, kwa sababu vitamini hiyo mwili hauimwagi kwenye mkojo kama nyingine, unaiweka. Na ikizidi, moja ya dalili zake ni nywele kukatika. Alikuwa anakinunua kinachomkata nywele. Daktari alimwachisha zote, akampeleka kupimwa ini, na baada ya miezi kadhaa nywele zikaanza kurudi. Namshukuru Mungu kwamba umri wa kubeba mimba ulikuwa umempita, kwani kwa mtoto aliye tumboni kiasi kile ni hatari kubwa. Mkiandika kitu kimoja kutoka kwangu, andikeni hicho: geuza chupa, soma nyuma.

Na bado kulikuwa na chupa ya kumi na moja. Hiyo ilikuwa ya bakteria wazuri wa tumbo, kutoka ng'ambo, imeandikwa iwekwe mahali pa baridi. Mama Tasha alikuwa ameiweka dirishani, jua lote la mchana linapiga pale. Nikiwa nakunywa maji jikoni nilimkuta msaidizi wake wa nyumbani amekaa kwenye stuli anakunywa maziwa mala, yale yaliyochachuka, kikombe cha pili, na mandazi. Nilipomwambia Daktari alicheka hadi miwani ikaanguka. "Tumbo zuri kwa nyumba ile liko jikoni," akasema.

Sasa nifike kwenye swali la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Wafanyakazi wa mjini mnajua chai ya saa nne. Katika uchochoro wetu aliyeileta ni Njeri. Alitoka Mutuini, pembezoni mwa jiji, alfajiri, akapikia kwenye kibanda cha rafiki yake karibu na kituo, na ikifika saa nne kamili unamwona anakuja na kikapu, chupa nne za chai, vikombe, na mandazi yaliyofunikwa kwa taulo. Chai ya maziwa, nzito, imechemka mpaka imeiva rangi ya matofali. Nisiwadanganye, mimi nilikuwa mtumwa wa chai ile. Njeri mwenyewe alikuwa mwanamke wa vituko, mdomo haulali. Akiingia dukani husema, "Niaje daktari wangu wa Mombasa, leo umeua wangapi?"

Alipobeba mimba ya tatu, vituko vilipungua. Nilijua sababu. Uzazi wake wa pili alimwaga damu nyingi sana, akaongezewa ya dada yake na ya shemeji yake, na daktari wa hospitali alimwambia waziwazi kwamba mwili wake haukuwa na akiba. Sasa, mimba ikiwa na miezi mitano, kipimo kilionyesha damu ni nane, na mjamzito anatakiwa awe na kumi na moja. Kliniki walimpa vidonge vya madini ya chuma, vile vya bure, wakamwambia arudi kupimwa. Ikishuka chini ya saba, atalazwa aongezewe.

"Mama Salma," akaniambia, "hizi dawa za kliniki zinanimaliza. Natapika, na choo imekuwa nyeusi kama makaa. Nipatie ingine."

Nilimweleza choo cheusi si ugonjwa, ni chuma kinachobaki. Halafu nikampa aina nyingine, nzuri, isiyochafua tumbo sana, nikajisikia bingwa. "Usiimeze tumbo tupu," nikamwambia. "Imeze na chakula, hutasikia kichefuchefu." Akakata kimoja palepale, akajimiminia kikombe kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, akameza, akafuatisha andazi. Akanishukuru. Nami nikachukua kikombe changu, tukanywa pamoja.

Mnaona tayari, sivyo? Mimi sikuona. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, na kwa wiki saba nikamwona akifanya vilevile kila siku saa nne, kwa sababu saa nne ndiyo aliyokuwa na chakula mkononi.

Baada ya wiki saba damu ilikuwa saba na kidogo. Ilikuwa imeshuka.

Ninyi mnaonisoma mjue mimi nina hasira za karibu. Nilipoona karatasi ile niliogopa, na hofu yangu hutokea mdomoni kama matusi. Dukani kulikuwa na foleni. Nikamwambia mbele ya watu, "Njeri, hivi vidonge unameza kweli, au unaviuza huko Mutuini? Maana dawa hii haijawahi kumshinda mtu isipokuwa mwongo."

Ulimi hauna mfupa. Njeri akaweka kikapu chini.

"Mimi ndio mwongo?" akasema. "Mimi nilikaribia kufa kwa hii kitu, halafu niuze dawa? Ngoja, Mama Salma. Leo utaona na macho yako, na hawa watu wote waone."

Akatoa karatasi ya vidonge kwenye sidiria, akakata kimoja, akakiinua juu foleni nzima ikione. Akafungua chupa ya chai, akamimina kikombe kikajaa. Akatia kidonge mdomoni, akanywa mpaka chini. Akafungua mdomo akatoa ulimi. "Aaah! Umeona? Ama nikuletee na tumbo?"

Watu wakacheka, wengine wakanizomea mimi. Hapo nikasikia sauti ya Daktari nyuma yangu, ya chini kabisa.

"Zuhura. Amemeza na nini?"

Nilitazama kile kikombe. Chai ina kitu kile kinachokaza ulimi ikiwa kali, na kitu hicho hukamata chuma tumboni kabla mwili haujakipata. Maziwa nayo yana kalsiamu yake, inayogombania mlango uleule. Nilikuwa najua! Nilikuwa nimefundishwa, nimeandika kwenye daftari, na ningeweza kuwasomea wengine. Lakini kwangu "meza na chakula" lilikuwa na maana moja, na kwa mwanamke wa Nairobi anayeuza chai, chakula cha saa nne kina maana nyingine. Wiki saba nilikuwa namuuzia dawa na kuitazama ikizama ndani ya kikombe ninachokipenda.

Njeri alichukua kikapu chake akaondoka. Kesho yake saa nne chai iliingia kila duka la uchochoro isipokuwa letu.

Kwetu Pwani huendi kuomba radhi mikono mitupu. Jumapili nikapika mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui ambao rojo yake huilaza usiku kucha na hamira na iliki mpaka ikaumuka, nikaufunga kwa kitambaa, nikaenda Mutuini. Niliposhuka kituoni nikapanda bodaboda na mkate wangu nimeupakata kama mtoto. Kule mji unaishia na hauishi: hapa gorofa mpya ya kupangisha, pale ng'ombe wawili na ndizi. Njeri hakuwepo, alikuwa kanisani. Aliyenipokea ni mama mkwe wake, Shosho Wairimu. Shosho ndiyo bibi kwa lugha ya Nairobi. Alikuwa anachagua maharagwe uani, na hakuinuka.

"Wewe ndio uliita mke wa mtoto wangu mwongo?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba msamaha. Mwongo nilikuwa mimi, na sikujua."

Akaniangalia. Akauangalia mkate. Mkono mtupu haulambwi, na wangu haukuwa mtupu. Akavunja kipande, akanusa kwanza, akatafuna taratibu. Uso wake ukabadilika.

"Hii ulilaza."

"Usiku mzima."

"Ndio imekuwa na hiyo ladha." Akainuka sasa, akipangusa mikono. "Kuja nikuonyeshe yangu."

Nilitarajia chungu cha kale. Nilichoonyeshwa jikoni ni ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, kibandiko bado kipo, imefunikwa kitambaa, imesogezwa karibu na jiko. Akafunua. Unga wa wimbi na mahindi uliorojwa kwa maji, rangi ya udongo, harufu kali ya uchachu inayopanda puani. Siku ya tatu, akaniambia. Kila akipika uji hubakisha kidogo chini, huo ndio unaouanzisha mwingine, na mabaki yale yalitoka kwa mama yake, aliyeyapata kwa mama yake. Ndoo zimebadilika, yenyewe haijakatika.

"Sikiza," akasema.

Nikainama nikatega sikio. Wallahi ilikuwa inasema. Mapovu madogo madogo yalikuwa yanapanda na kupasuka, tsi, tsi, tsi, hayatulii, kama watu wengi wanaofanya kazi chumba cha pili na mlango umefungwa. Nimeuza vidonge maisha yangu yote, lakini sijawahi kuinamia chupa ya vidonge nikatokwa na machozi. Pale jikoni yalinitoka. Sikujua hata nalia nini. Labda ni kwamba viumbe wasioonekana walikuwa wanapika bila moto, na vizazi vya wanawake vilikuwa vimewabeba kwa mikono bila kuwaona hata mara moja.

Halafu akili ikanirudi nikauliza swali la Kiislamu. "Mama, hii hailevyi?"

Shosho alicheka akashika ukuta. "Ukilewa hii, umelewa shibe!" Akanieleza kwamba hupikwa ikachemka vizuri kabla ya kunywewa, na watoto wachanga waliolelewa nayo hapo Mutuini ni wengi kuliko nyumba.

Kesho yake nilimsimulia Daktari Nyokabi yote. Alivua miwani. Akasema nafaka hufungia madini yake kama mama mkwe anavyofungia sukari kabatini: chuma kimo kwenye wimbi, na kingi, ila mwili haukifikii. Uchachu ndio unaofungua. Wale wadudu wadogo, kwa siku tatu, huvunja kinachokifunga chuma. "Ukiupika wanakufa wote," akasema, "lakini kazi yao inabaki ndani ya uji." Nilimwona naye ameshangaa, ingawa alikuwa amelisoma chuoni. Akasema mama yake alikuwa na ndoo kama ile, na yeye ndiye aliyeiacha ikakatika.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Njeri alinisamehe, kwa masharti ya kunitania mbele ya wateja mwaka mzima, lakini uji hakuutaka. "Hiyo ni ya watu wa kitambo, Mama Salma. Inanuka. Mimi nauza chai mjini, nitanukia wateja kama ndoo?" Na Shosho kwa upande wake alikuwa ameamua kwamba vidonge ni upuzi, vimejaribiwa vikashindwa, vitupwe. Ilibidi Daktari awaite wote wawili dukani. Walikaa kwenye benchi moja, kila mmoja anatazama rafu yake.

"Shosho," Daktari akasema, "uji wako ni mzuri, lakini mtoto anakuja baada ya miezi mitatu. Uji peke yake hautawahi. Njeri, kidonge chako ni kizuri, lakini wewe unakiua kila siku kwa mkono wako. Sasa nani anataka kushinda, na nani anataka huyu azae akiwa hai?"

Shosho alitazama chini. Njeri akaanza kulia, akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwetu, "Daktari, mimi naogopa. Ile siku ya mtoto wa pili nilikuwa nasikia naenda. Sitaki kuacha watoto." Mama mkwe wake akamshika goti. Hakuondoa mkono mpaka walipoondoka.

Hivi ndivyo tulivyopanga, na muandike: alfajiri bakuli la uji mchachu, kidonge kwa maji, na chungwa au pera juu yake, kwa kuwa matunda ya namna hiyo husaidia chuma kupita. Chai isiguse mdomo mpaka saa mbili nzima zipite baada ya kidonge, na kwake tukaweka mpaka saa nne. Maharagwe na mboga jioni, chai isiwe karibu. Kliniki asikose hata mara moja. Kuna mengine ambayo uji hauwezi kabisa, kama ile foliki asidi ya wajawazito, hiyo ni ya kidonge, na Shosho alikubali baada ya kununa kidogo. Kwa mchuuzi wa chai, kutoonja chai yake mpaka saa nne ni mateso. Mara mbili nilimkuta anainusa tu chupa na kuifunga.

Wiki ya nne damu ilikuwa nane na nusu. Wiki ya nane, tisa na nusu. Kila karatasi aliibandika kwa mate kwenye kioo cha kaunta yetu, foleni isome. Ya mwisho iliandikwa kumi na nusu. Daktari, ambaye hakupenda maneno mengi, aliisoma akaenda nyuma akakaa huko dakika kumi nzima.

Siku yenyewe niliijua kwa chai. Saa nne ilifika, kikapu hakikuja. Saa nne na nusu wenye maduka wakaanza kuchungulia uchochoroni. Mwenye vitambaa, mwenye simu, fundi saa, wote wananitazama mimi kama kwamba nimemficha. Saa sita ujumbe ukaingia kutoka kwa mumewe: *Msichana. Mtoto mzuri. Njeri damu inatoka sana. Ombeni.*

Nilifunga macho palepale mbele ya mteja. Kila nilichokijua kuhusu damu kilinipita kichwani na hakuna hata kimoja kilichonisaidia. Daktari alisimama kando yangu. Kwenye foleni mtu mmoja akavua kofia, sijui nani alimwambia. Saa nane kasorobo simu ikalia, mumewe mwenyewe, sauti imekauka.

"Mama Salma, imesimama. Hawajamwongezea. Anaomba chai."

Nikacheka na kulia pamoja, na uchochoro wote ukajua.

Kesho yake nilikwenda wodini. Muuguzi aliniambia kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: "Ilitoka kama ile ya uzazi uliopita, mama. Tofauti ni kwamba safari hii alikuwa nayo." Damu ile aliyomwaga, fikirini, ilikuwa imetengenezwa kidogo kidogo kila alfajiri, kwa kidonge kimoja, chungwa moja, na kazi ya viumbe wa ndoo ambao wenyewe walishakufa jikoni. Nimeona mashine nyingi na dawa za bei ya shamba. Sijaona kitu kilichonitisha kwa uzuri wake kama hicho. Kando ya kitanda alikaa Shosho, chupa ya uji mapajani, anamzuia kila mgeni mwenye chai.

Mtoto alipewa jina la Shosho, kama desturi yao ilivyo: Wairimu. Sasa ana miaka minne.

Siku yangu ya mwisho dukani, Njeri alikuja saa nne na chupa ya chai, na chini ya taulo ya mandazi kulikuwa na mtungi mdogo wa plastiki. "Shosho amesema usiache ikufe," akaniambia. Mwezi uliofuata Shosho mwenyewe alitutoka, usingizini, hakusumbua mtu. Mabaki ya uji wake yako jikoni kwangu, mwanamke wa Kibokoni, kwenye ndoo iliyokuwa ya mafuta. Nikiamka kwa swala ya alfajiri nainama kwanza kusikiliza kama bado yanasema.

Jumapili iliyopita Njeri alimleta Wairimu. Nilimpa uji, akanywa kikombe kizima, akabaki na masharubu ya kahawia, akaninyooshea kikombe nimwongeze. Mimi nikaushika mkono badala ya kikombe. Mazoea ya miaka ishirini na minane. Nikaugeuza kiganja juu, nikakibonyeza kwa kidole, nikakiachia, damu ikarudi mbio. Kilikuwa chekundu kama ndani ya pera. Nikakitazama, nikakitazama, mpaka akachoka nami.

"Shosho," akasema, "nirudishie mkono wangu."